Makumbusho ya Kisumu: Zaidi ya Miaka Arobaini ya Ua wa Viumbe Hai

Katika ukumbi wa Makumbusho ya Kisumu, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, yuko simba aliyemrukia nyumbu mgongoni. Wote wawili wamekaushwa na kusimamishwa kwa ustadi mkubwa, na vitabu vya kuongoza watalii havikosi kuwataja. Lakini mtoto wa shule aliyetoka Ahero au Bondo kwa ziara ya siku moja akirudi nyumbani, hataanza masimulizi yake na simba huyo. Ataanza na nyoka.

Nyoka hawako ukumbini. Wako uani, pamoja na mamba wa kidimbwini, kobe, na samaki wa ziwa walio ndani ya matangi. Makala haya ni historia ya ua huo: ulivyopatikana, waliouzunguka, na ulivyojikuta ukifanya kazi ambayo jengo lenyewe halikuweza kuifanya. Hoja yake ni moja. Makumbusho hayakuja ufukweni mwa Ziwa Viktoria kuwafundisha watu kuwahurumia wanyama. Yaliwakuta na desturi zao za kuishi nao, na katika mwaka mmoja ambao wazee wa Nyakach hawajausahau, taasisi ndiyo iliyofundishwa.

Ukoo wa Nairobi

Taasisi zina ukoo kama watu, na ukoo wa makumbusho haya unaanzia Nairobi. Mwaka 1909 maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na wamisionari waliopenda elimu ya viumbe waliunda chama cha elimu hiyo kwa Afrika Mashariki na Uganda. Walikusanya ndege, vipepeo, mafuvu na mimea, wakahitaji mahali pa kuviweka. Mwaka 1930 likafunguliwa jengo la kudumu juu ya kilima cha Nairobi kinachoitwa leo Museum Hill, nalo likapewa jina la Gavana Robert Coryndon. Baada ya uhuru jina la gavana lilifutwa, jengo likawa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kwa miongo mitatu jengo lile lilikuwa nyumba ya wafu. Kila kilichoingia kiliingia kikiwa kimekufa, au kiliuawa ili kiingie. Mambo yalibadilika mwaka 1961, Bustani ya Nyoka ilipoanzishwa mkabala na jengo kuu. Lengo lake halikuwa burudani. Wataalamu walitaka kujua nyoka wanavyozaana, nguvu ya sumu yao na namna ya kuwatibu walioumwa. Umma ulipokaribishwa, watu walimiminika. Mkenya ambaye maisha yake yote alimwona nyoka kwa sekunde chache tu kabla ya kukimbia au kuokota fimbo, sasa aliweza kusimama na kumtazama kwa utulivu, kioo kikiwa katikati.

Kutoka kituo hicho walitokea watu walioieneza kazi hiyo. James Ashe, aliyewahi kusimamia idara ya reptilia katika makumbusho ya Nairobi, aliishia Watamu, pwani, ambako mwaka 1980 lilianzishwa shamba la nyoka la Bio-Ken, linalojulikana kwa misaada yake kwa walioumwa. Swila mkubwa mwenye kutema sumu anayepatikana mashariki mwa Kenya alipotambuliwa na wanasayansi mwaka 2007 kuwa spishi ya peke yake, alipewa jina la Naja ashei kwa heshima ya Ashe.

Mwaka huohuo wa 1980, upande wa pili wa nchi, Kisumu ilifungua makumbusho yake.

Mji wa reli wapata jumba

Kisumu ilikuwa imengoja. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, na mji ukakua kama bandari, soko na makao makuu ya utawala wa Nyanza. Bidhaa zilipita hapa kwenda Uganda na Tanganyika. Na vitu vya kale pia vilipita, kwenda Nairobi na ng'ambo. Fuvu la Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe alilolipata Mary Leakey katika kisiwa cha Rusinga mwaka 1948, lilisafirishwa hadi Uingereza. Eneo lililoipa dunia mojawapo ya visukuku mashuhuri kabisa halikuwa na chumba cha kuvionyesha.

Miaka ya 1970 Makumbusho ya Taifa yaliamua kupanuka nje ya Nairobi. Lamu, Kitale na Meru zilitangulia. Kitale iliweka mfano ambao Kisumu ingeufuata: ukumbi wa vitu vya kale, nyumba za asili za watu wa eneo hilo, na nje yake mabanda ya nyoka, mamba na kobe. Mipango ya Kisumu ilianza katikati ya miaka hiyo, na 1980 milango ikafunguliwa.

Waliopanga ukumbi walikuwa na jicho la watu wa kawaida. Hakuna viti vya enzi wala mataji. Kuna majembe, vyungu, ngao, vyombo vya muziki, mavazi, viti vya wazee, zana za uvuvi na mitego. Mitego ya ndege ipo, na upo hata mtego wa kumbikumbi, wale wadudu wenye mbawa wanaotoka ardhini baada ya mvua na kuishia kikaangoni kwenye nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya. Vitu hivi vinatoka kwa Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakuria na Wakalenjin, majirani ambao magazeti huwataja pamoja wakati wa uchaguzi tu.

Nje ya ukumbi, kwa msaada wa UNESCO, ilijengwa Ber-gi-dala: boma kamili la Mjaluo wa kubuni, mwenye wake watatu na mwana wa kwanza. Nyumba ya mke mkubwa, mikayi, inatazama lango. Za wake wengine zimepangwa kwa zamu zao kushoto na kulia. Simba, yaani nyumba ya mwana wa kiume, iko karibu na lango. Ghala za nafaka na zizi la ng'ombe ziko mahali pake, na mwongozaji atakueleza kwa nini kila kimoja kiko pale kilipo, na nani haruhusiwi kulala wapi.

Boma hili linausaidia ua wa wanyama kueleweka. Dala la Mjaluo ni mpaka. Ndani ya uzio kuna watu, ng'ombe, mbuzi na kuku. Nje ya uzio kuna fisi, chui na nyoka. Lango hufungwa jioni kwa sababu hiyo. Mgeni akimaliza kuzunguka boma na kupiga hatua chache kuelekea mabanda ya reptilia, amevuka mpaka ambao babu zake waliuchukulia kwa uzito mkubwa. Huko nje amekwenda kumtembelea aliyekuwa akifungiwa nje.

Waliomo uani

Kisumu ina bahati moja ambayo Nairobi haina: joto. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Nairobi iko juu zaidi kwa zaidi ya mita 500. Nyoka hawezi kuupasha mwili wake mwenyewe. Hutegemea jua na jiwe lililopata jua. Baridi ya Julai ya Nairobi humfanya azubae na kukataa chakula. Kisumu hana shida hiyo, ndiyo maana ua wa wazi ulifaa tangu mwanzo.

Magharibi mwa Kenya ni tajiri kwa nyoka kuliko watu wanavyodhani. Msitu wa Kakamega, saa moja tu kwa gari kutoka Kisumu, ni kipande cha mwisho cha misitu ya Kongo upande wa mashariki, na ndani yake wamo nyoka wasioonekana kwa urahisi kwingineko nchini: firi wa Gaboon mwenye rangi za majani makavu, firi mwenye pembe puani, na mamba wa kijani wa aina ya Jameson anayeishi juu ya miti. Uwanda wa Kano una swila na chatu. Kifutu yuko karibu kila mahali. Banda la nyoka ni ramani ya maeneo haya: anayelizunguka amezunguka Nyanza na Magharibi bila kupanda matatu.

Kuwatunza si kazi ya kelele. Nyoka hali kila siku. Chatu mkubwa akishiba anaweza kukaa majuma kadhaa bila kugusa kitu, na mhudumu lazima ajue tofauti kati ya nyoka asiye na njaa na nyoka mgonjwa. Lazima ajue macho yanapokuwa na ukungu wa kijivu kwamba ngozi inakaribia kubambuka, na kwamba siku hizo nyoka haoni vizuri na ni mwepesi wa kuuma. Lazima abadili maji, asafishe, ahesabu, afunge kufuli na kulijaribu tena. Katika kazi hii uzembe wa dakika moja haurekebishiki.

Mamba wa kidimbwini ni wa jamii ya mamba wa Nile, ambao wavuvi wa ziwa huwaita nyang'. Wageni humwona akiwa amelala kinywa wazi na kudhani ana hasira. Anapoza mwili tu. Waongozaji hupenda kuwashangaza wanafunzi kwa jambo moja la kweli kabisa: mamba hazaliwi akiwa ameshapangiwa jinsia na wazazi wake. Joto la kiota ndilo linaloamua yai litoe jike au dume. Siku tisini hivi mayai hukaa mchangani, na kivuli cha mti mmoja kinaweza kubadili familia nzima.

Kobe ndio wapole wa ua na ndio wanaoishi kwa muda mrefu. Kobe mwenye madoa aliyepatikana akivuka barabara, au aliyefugwa nyumbani hadi wenyewe wakachoka, ni aina ya mnyama ambaye vituo kama hiki hupokea kwa urahisi na kupata shida kumrudisha. Sheria ya wanyamapori ya Kenya hairuhusu mtu kumweka nyumbani mnyama wa porini bila kibali, lakini watu wengi hugundua hilo mnyama akiwa ameshazoea ugali.

Kisa cha Omieri

Mwaka 1987 taasisi mama ya makumbusho haya iliingia katika kisa kilichowagusa watu wa ziwa kuliko maonyesho yake yoyote.

Nyakach iko kusini-mashariki mwa Ghuba ya Winam, mahali Uwanda wa Kano unapokutana na milima. Huko, tangu zama za mababu, kulikuwa na imani juu ya chatu mkubwa anayeitwa Omieri. Alikuwa hadhuriwi. Kuonekana kwake kulimaanisha mvua, mavuno na neema ya samaki. Hakuwa mali ya mtu, na hakuwa mnyama tu. Alikuwa mgeni wa heshima anayekuja na kuondoka apendavyo.

Mwaka huo kichaka alimokuwamo kilishika moto, na Omieri akaungua vibaya. Habari zilienea nchi nzima. Alichukuliwa hadi Nairobi kutibiwa na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa. Hakupona. Mwili wake ulihifadhiwa hukohuko Nairobi, na nyumbani wazee wakauliza swali lisilokuwa na jibu la kitaalamu: kwa nini hakurudishwa?

Kila upande ulikuwa na haki yake. Wataalamu walimwona mgonjwa aliyehitaji matibabu ambayo kijiji hakingeweza kumpa, na baadaye wakaona kielelezo chenye thamani ya kisayansi na kihistoria. Nyakach ilimwona mzee wa ukoo aliyepelekwa hospitali ya mbali, akafia huko, asirudishwe kuzikwa. Kwa Mjaluo, kufia ugenini ni jambo moja. Kubaki ugenini baada ya kufa ni jambo jingine kabisa. Makumbusho ambayo yalikuwa yamejenga boma zima Kisumu kuonyesha jinsi Mjaluo anavyoheshimu nyumbani, yalijikuta yanaulizwa na Wajaluo kuhusu nyumbani.

Mapema mwaka 2003 chatu mkubwa alionekana tena Nyakach, safari hii akiwa jike aliyelalia mayai. Wengi walisema Omieri amerudi. Waandishi wa habari walifika kutoka mbali, pamoja na wa redio na televisheni za nje. Maofisa wa wanyamapori walikuja kuangalia usalama wake na wa watu. Wapo waliomchukulia kuwa baraka, na wapo, hasa miongoni mwa makanisa, waliokereka na heshima aliyopewa. Lakini jambo moja lilikuwa tofauti na 1987: mazungumzo yalifanyika kichakani kwake. Chatu jike huyazungukia mayai yake kwa mwili wake wote, kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, akila kidogo sana au asile kabisa. Kumhamisha katika hali hiyo ni kuyaua mayai. Imani ya wazee na elimu ya wataalamu zilishauri jambo lilelile: mwacheni alipo.

Mwanahistoria wa uhifadhi akikitazama kisa hiki ataona jambo ambalo vitabu vya uhifadhi vilichelewa kulisema. Chatu wa Nyakach alilindwa kwa vizazi bila askari, bila faini na bila tangazo katika gazeti la serikali. Chatu anakula ndezi na panya. Ndezi na panya wanakula miwa na nafaka. Jamii iliyosema chatu huleta mavuno haikuwa imekosea hesabu. Tangu hapo hakuna mwongozaji anayejua kazi yake anayemwonyesha mgeni chatu wa Kisumu bila kutaja jina la Omieri, na kwa kumtaja anakiri kwamba uhifadhi ulikuwapo hapa kabla ya makumbusho.

Jirani wa ufukweni

Ua wa makumbusho ulikuwa na mipaka yake. Haukuweza kupokea chui. Wanyama wakubwa walihitaji mahali pengine, na mahali hapo palipatikana upande wa Milimani, penye majani yanayoshuka hadi majini karibu na Dunga.

Huko kulikuwa na kundi dogo la swala pala lililobaki mjini wakati nyumba zilipoendelea kuzunguka malisho yake. Swala hao walikuwa masalia ya wakati ambapo wanyama wa nyikani walikuwa wakifika hadi ukingo wa ghuba. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilianza kazi mwaka 1990. Miaka miwili baadaye, 1992, eneo la hekta 34 hivi lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya Kisumu Impala. Ni hifadhi ndogo kiasi kwamba mtu mwenye mguu mwepesi anaweza kuizunguka kabla ya chai ya saa nne, na bado ndani yake kuna swala huru, ndege wa majini, tumbili wezi, na viboko wanaopanda nchi kavu usiku kulisha.

Hifadhi hiyo pia ilipewa kazi ya kupokea wanyama waliookolewa au walioleta matatizo kwa watu. Simba, chui, fisi na nyani wamewahi kuwekwa humo katika vizimba. Wageni wengi huuliza kwa nini wasiachiwe huru. Jibu ni chungu lakini ni rahisi. Mtoto wa chui aliyelelewa na binadamu hajui kuwinda, na baya zaidi, hamwogopi binadamu. Akiachwa porini atakwenda kutafuta chakula alikozoea kukipata, yaani kwenye makazi ya watu, na huko atauawa au ataua. Isitoshe, pori lililobaki lina wenyewe: kila eneo zuri lina chui mwingine tayari. Kwa mnyama wa namna hiyo kizimba ni mahali pa kuzeekea, na wajibu wa wanaomweka ni kuhakikisha uzee huo una nafasi, kivuli na chakula cha kutosha.

Hivyo Kisumu ikawa na nyumba mbili za viumbe waliookolewa, zenye tabia tofauti. Impala iko chini ya wenye sare na bunduki, na sheria ndiyo nguvu yake. Makumbusho yana walimu, na nguvu yao ni maelezo. Mji unahitaji zote mbili. Askari anaweza kumzuia mtu asimuue chatu leo akiwa amesimama pale. Ni mwalimu tu anayeweza kumzuia kesho akiwa hayupo.

Matangi ya samaki na ziwa lililobadilika

Watalii hupita haraka kwenye matangi ya samaki, lakini kwa mtu wa ziwa hapo ndipo penye uchungu wa historia.

Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, aliingizwa katika Ziwa Viktoria ili kukuza uvuvi. Alikua, akaenea, na kufikia miaka ya 1980, wakati uleule makumbusho yanaanza, akawa ametawala. Viwanda vya minofu vilijengwa na biashara ya kwenda Ulaya ikashamiri. Lakini sangara hula samaki wenzake, na fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi walioumbika katika ziwa hili na si penginepo, walipungua kwa kasi ya kutisha. Wanasayansi wanakadiria kwamba spishi kama 200 zilitoweka au kufika ukingoni mwa kutoweka. Ngege wa asili, samaki ambaye wazee wa Nyanza bado wanamsifia kwa utamu, alitoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Alinusurika katika vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, ambako sangara hakufika.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, likaja gugumaji. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 liliziba bandari ya Kisumu na fuo za Winam hata mitumbwi ikashindwa kutoka.

Tangi la samaki haliwezi kulirudishia ziwa kilichopotea. Linaweza kufanya jambo moja: kumwonyesha kijana aliyezaliwa wakati wa sangara na omena kwamba ziwa lilikuwa na watu wengine. Humo anaweza kukutana na kamongo, samaki mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa na anayeweza kujizika matopeni kiangazi na kungoja mvua. Kamongo amevuka zama nyingi zilizowameza viumbe wengine, na akiwa tangini hufundisha somo ambalo mwalimu darasani angehitaji muhula mzima kulieleza.

Kazi isiyoandikwa ukutani

Thamani ya ua huu haikupimwa na idadi ya wanyama. Zipo bustani kubwa zaidi, na wanyama wa kuvutia zaidi wako Nakuru na Mara. Thamani yake iko katika kilichotokea kwa waliopita langoni.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Wakulima wa mpunga wa Ahero, wakata miwa wa Muhoroni na watoto wanaochunga ng'ombe Kano walilijua tatizo hilo muda mrefu kabla ya orodha. Wengi wao wakiumwa hufungwa kamba kwa nguvu, hukatwa kwa wembe, au hubandikwa lile jiwe jeusi linaloaminika kunyonya sumu. Hakuna kati ya hayo linaloponya, na kamba na wembe huongeza madhara. Kinachosaidia ni kutulia, kukiacha kiungo kisitikisike, kuvua pete na bangili kabla ya uvimbe, na kufika hospitali haraka. Maelezo hayo yakitolewa mbele ya kifutu aliye hai, futi mbili kutoka usoni, hayasahauliki kama yale ya bango la zahanati.

Ua umefanya pia kazi ya kuondoa hofu pasipostahili. Nyoka wengi wa Kenya hawana sumu ya kumdhuru mtu, na mjusi na kinyonga wamebeba laana wasiyostahili. Mtoto aliyemwona kinyonga akibadilika rangi mkononi mwa mhudumu hatakubali kirahisi kuambiwa kwamba ni mnyama wa uchawi.

Deni

Taasisi inayosherehekea miongo yake ina haki ya kupongezwa na wajibu wa kuambiwa ukweli. Ukweli wa Kisumu ni kwamba kuokoa mnyama mmojammoja ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko nje ya uzio, na huko hali si njema. Mafunjo ya Dunga, makazi ya ndege adimu kama gonoleki wa mafunjo, yamekuwa yakikatwa, kuchomwa na kujengwa. Kinamasi cha Yala kimegombewa kwa miaka mingi kati ya mashamba makubwa, wakulima wadogo na wanyama. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kiwango ambacho halikuwa limefikia katika kumbukumbu za vipimo, likameza fuo na mashamba, na watu na wanyama wakasogezwa karibu zaidi kuliko mwanzo. Kila mafunjo yanapokatwa, chatu mmoja hupoteza nyumba na familia moja hupata mgeni isiyemtaka.

Bajeti ya makumbusho ya mikoani ni jambo la pili. Wakenya hukumbuka makumbusho yao wakati wa ziara za shule na wakati wa wageni kutoka nje. Mabanda huchakaa, vioo hupasuka, chakula cha wanyama hupanda bei kama chakula cha watu. Mnyama aliyeokolewa si kielelezo cha kabatini kinachoweza kusubiri mwaka ujao wa fedha. Serikali ya taifa, serikali ya kaunti na wafanyabiashara wanaojivunia mji wa ziwa wanapaswa kulihesabu hilo.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Wahudumu wa kwanza wa ua huu, waliowajua nyoka kwa tabia zao, wanazeeka. Wazee wa Nyakach waliomwona Omieri kabla ya 1987 wanapungua. Masimulizi yao yanapaswa kurekodiwa kwa Kijaluo na kwa Kiswahili na kuwekwa pale ambapo kila mgeni atayasikia, yasibaki katika faili za Nairobi.

Kwa msomaji, ombi ni fupi. Ukiwa Kisumu, lipia tiketi, ingia, zunguka boma kisha uende uani. Wapeleke watoto wako, na usiwazibe macho mbele ya nyoka. Na siku utakapomkuta chatu shambani au kobe barabarani, weka panga chini, ondoa watu karibu, na wapigie simu maofisa wa KWS au makumbusho kabla majirani hawajafika na rungu. Hiyo ndiyo zawadi ya kweli ambayo taasisi hii inaweza kupewa katika maadhimisho yake.